Ajali ina kinga: maisha ya Daktari Stapp

Sisi watu wa Pwani tuliohamia huku Kimbo, upande wa Ruiru, tumezoea matatu za barabara kuu ya Thika. Mikanda ipo vitini, lakini wanaoifunga wanahesabika. Ukimuuliza jirani yako, atakwambia ajali haina kinga. Leo nawasimulia maisha ya mtu aliyeutoa mwili wake kuonyesha kwamba msemo huo ni nusu tu ya ukweli.

John Paul Stapp alizaliwa Bahia, Brazili, tarehe 11 Julai 1910, kwa wazazi Wamarekani waliokuwa wamishonari. Ujanani alishuhudia mtoto mchanga wa jamaa yake akifa kwa kuungua moto, na hapo akaazimia kuwa daktari. Alihitimu mwaka 1944, akaingia jeshini kuwatibu marubani.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba chombo kikisimama ghafla, mwili hauwezi kuhimili nguvu inayozidi mara 18 ya uzito wake. Viti vya ndege vikaundwa kwa kipimo hicho. Stapp hakuridhika. Kuanzia 1947, jangwani California, alitumia kigari cha roketi kilichokimbia juu ya reli kisha kikafungwa breki kwa ghafla. Kwanza alikaa sanamu, halafu akakaa yeye mwenyewe. Alivunjika mbavu na kifundo cha mkono, na bado akarudi. Kwa jumla alipanda mara 29.

Safari kubwa ilikuwa New Mexico, tarehe 10 Desemba 1954. Kigari kilifika kasi ya kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimama kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulibeba nguvu ya zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Mishipa ya macho ilipasuka akawa haoni, lakini uoni ukarejea. Mikanda ndiyo iliyomshikilia asitupwe.

Mwaka 1958 alipewa kuongoza maabara ya tiba ya anga ya jeshi huko Ohio. Hapo, mwaka 1959, ndipo wanaanga wa kwanza wa Marekani walipopimwa kama miili yao itastahimili joto, kelele na mitikisiko. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alikuwa amefungwa mikanda katika kiti kilichochongwa kwa umbo lake. Moja ya vituo vilivyomfuatilia kilikuwa Unguja, kwa hivyo elimu hii ilishapita juu ya paa zetu wenyewe.

Lakini Stapp hakuishia angani. Aligundua kwamba jeshi lake lilipoteza watu kwa ajali za magari karibu sawa na za ndege. Kuanzia 1955 akawa anawaita wahandisi wa magari kila mwaka kuwaonyesha alichojifunza, ingawa wakubwa wake walinung'unika. Mwaka 1966 Rais Johnson alipotia saini sheria ya usalama wa magari, Stapp alikuwapo. Alifariki tarehe 13 Novemba 1999, akiwa na miaka 89.

Kwetu Kenya, kanuni za waziri John Michuki zilianza Februari 2004: kila abiria wa matatu afunge mkanda, na gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Leo mikanda mingine imekatika, mingine imefungwa fundo nyuma ya kiti, nasi tunanyamaza na kulipa nauli.

Ndugu zangu, tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Ajali yenyewe huenda tusiizuie, maana usukani hatunao sisi. Mwili tunaweza kuukinga. Kesho ukipanda pale steji ya Kimbo, vuta mkanda uone kama unashika. Usiposhika, mwambie makanga akupe kiti kingine, au shuka ungoje gari lijalo.