Macbeth: Mfalme wa Uskoti aliyechafuliwa jina jukwaani

WATU wengi wa Afrika Mashariki walikutana na Macbeth darasani, ama katika tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Wanayemkumbuka ni jemadari aliyetabiriwa ufalme na wachawi watatu, akachochewa na mkewe, kisha akamuua usiku Mfalme Duncan, mzee mpole aliyekuwa mgeni nyumbani kwake.

Macbeth huyo ni wa William Shakespeare. Yule wa historia aliitawala Uskoti kwa miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, na kwa vipimo vya karne ile hakuwa mtawala mbaya.

Alizaliwa katika nyumba ya watawala wa Moray, jimbo la kaskazini ambalo wakuu wake walikuwa na nguvu karibu sawa na wafalme. Baba yake, Findláech, aliuawa mwaka 1020 na watoto wa ndugu yake mwenyewe. Mmoja wao, Gille Coemgáin, alikuja kutawala Moray, na mwaka 1032 akateketezwa kwa moto pamoja na watu wake 50. Wanahistoria wengi wanamshuku Macbeth, na si ajabu, maana ndiye aliyechukua jimbo. Alimwoa pia mjane wa marehemu.

Mjane huyo ndiye mke tunayemwona jukwaani akijaribu kuosha damu mikononi. Shakespeare hakumpa hata jina. Aliitwa Gruoch, naye alikuwa wa ukoo wa kifalme, hivyo ndoa hiyo ilimwongezea Macbeth haki ya kudai kiti. Alikuja na mtoto mdogo wa kiume, Lulach. Macbeth hakumdhuru mtoto wa adui yake. Alimlea, na hatimaye huyo ndiye aliyemrithi.

Hapa inafaa kueleza desturi ya urithi. Uskoti ya wakati ule haikuwa na mazoea ya mtoto kumrithi baba. Kiti kilizunguka kati ya matawi ya ukoo, na mara nyingi kilipita juu ya maiti. Mfalme Malcolm wa Pili alipokufa mwaka 1034, alimwachia ufalme mjukuu wake, Duncan, kinyume cha mazoea hayo. Matawi mengine yalikuwa na sababu ya kununa.

Duncan hakuwa mzee. Kumbukumbu za watawa wa Ireland zinasema alikufa kabla ya umri wake kukomaa. Wala hakuwa na bahati vitani: aliuzingira mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, akafukuzwa kwa hasara kubwa. Muda mfupi baadaye alipeleka jeshi Moray, nyumbani kwa Macbeth. Duncan aliuawa katika vita, karibu na Elgin, Agosti 1040. Hakukuwa na kitanda, mgeni wala jambia la usiku.

Utawala uliofuata haukuwa na amani tupu. Mwaka 1045 Crínán, baba yake Duncan na mkuu wa monasteri ya Dunkeld, aliuawa vitani. Hata hivyo, mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Roma, na mwandishi mmoja wa zama hizo anasimulia kwamba aliwamwagia maskini fedha kama mkulima anayetupa mbegu. Safari ile ilichukua miezi mingi. Dikteta anayechukiwa na kila mtu haachi kiti chake wazi muda wote huo, na kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Yeye na Gruoch waliwapa pia ardhi watawa wa Loch Leven.

Pigo lilitoka kusini. Mwaka 1054 Siward, mtawala wa Northumbria, aliivamia Uskoti na kumshinda, ingawa alimpoteza mwanawe vitani. Katika tamthilia mambo yanaishia hapo. Kwa kweli Macbeth aliendelea kuishi miaka mitatu zaidi. Malcolm, mtoto wa Duncan, ndiye aliyemmaliza huko Lumphanan mwaka 1057. Lulach alishika kiti kwa miezi michache tu, naye akauawa mwaka 1058.

Tangu hapo ufalme ukawa wa kizazi cha Malcolm, na waandishi wakaandika yaliyowapendeza wenye kiti. Mwaka 1527 Hector Boece alimtia katika hadithi Banquo, mtu asiyeonekana katika kumbukumbu yoyote ya zamani, akamfanya babu wa ukoo wa Stuart. Raphael Holinshed akayachukua hayo, na Shakespeare akasoma kwa Holinshed. Aliandika tamthilia yake yapata mwaka 1606, miaka mitatu baada ya James wa ukoo huohuo wa Stuart kutoka Uskoti kuja kuwa mfalme wa Uingereza. James aliamini uchawi na alikuwa ameandika kitabu juu yake. Tena Novemba 1605 alikuwa ameponea chupuchupu kulipuliwa kwa baruti bungeni. Wachawi, mauaji ya mfalme, Banquo mwema: London ilipewa ilichotaka kukiona.

Mwaka 2005, miaka 1,000 tangu mwaka unaodhaniwa kuwa wa kuzaliwa kwake, baadhi ya wabunge wa Uskoti waliwasilisha hoja ya kutaka Macbeth asafishwe jina.