William Shakespeare, Mwana wa Konstebo

Mwaka 1558, katika mji mdogo wa Stratford, Uingereza, mshona glavu aitwaye John Shakespeare alichaguliwa kuwa mmoja wa makonstebo wa mji. Hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa raia aliyekabidhiwa amani ya mji kwa muda, kisha akarudi kwenye ngozi na sindano zake. Mwanawe William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564, naye ndiye mtunzi ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitutafsiria michezo yake miwili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

William hakusoma chuo kikuu. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alimwoa Anne Hathaway, aliyemzidi miaka minane, wakajaliwa watoto watatu. Baba alikuwa amepanda hadi kuwa mkuu wa mji mwaka 1568, lakini baadaye madeni yalimwangusha. Kufikia mwaka 1592 kijana alikuwa London, akiigiza na kutunga. Kazi hiyo haikuwa na heshima: sheria za wakati ule ziliwahesabu waigizaji wasio na bwana wa kuwadhamini kuwa ni wazururaji, wa kuchapwa viboko. Ndiyo maana kikundi alichojiunga nacho mwaka 1594 kilijiweka chini ya himaya ya mkuu mmoja wa jumba la Malkia.

Mwaka 1599 kikundi hicho kilijenga jumba la Globe kando ya mto Thames. Katikati halikuwa na paa. Watu wa hali ya chini walisimama uwanjani, juani au mvuani, na mchezo ulichezwa mchana kwa kuwa taa yao ilikuwa ni jua. Sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana.

Katika miaka hiyo Shakespeare alitunga Much Ado About Nothing, maana yake zogo kubwa lisilo na sababu, mchezo wa mapenzi na kicheko uliochapwa mwaka 1600. Kwa askari, nadhani, hakuna mchezo wake ulio karibu zaidi. Wanajeshi wanarudi kutoka vitani, wameshinda, wanapokewa nyumbani kwa gavana wa Messina. Kijana Claudio anampenda Hero, binti wa gavana. Mwenzake Benedick anabishana usiku na mchana na Beatrice, binamu wa Hero, hata kila mtu anatambua kwamba wanapendana isipokuwa wao wenyewe. Lakini ndugu wa mkuu wa jeshi, mwenye kinyongo, anapanga hila ili Claudio adhani kwamba mchumba wake ana mwanamume mwingine. Kijana aliyesimama imara mbele ya maadui anaanguka mbele ya uvumi. Anamwaibisha binti yule hadharani, siku ya harusi.

Na ni nani anayeokoa jambo? Ni walinzi wa usiku, raia wa kawaida, chini ya konstebo Dogberry, mtu mwenye majivuno anayependa maneno makubwa na kuyakosea yote. Maagizo yake ni ya kuchekesha: mwizi akionekana, heri aachwe aende zake. Hata hivyo walinzi wake wanakaa macho, wanasikia mmoja wa wahaini akijisifu gizani, wanamkamata. Dogberry anakwenda kumwarifu gavana kabla ya harusi. Gavana ana haraka, konstebo hajui kufupisha, taarifa haipokelewi, na binti anavunjiwa heshima kwa jambo ambalo polisi walikwisha kulijua. Siwezi kumlaumu Dogberry peke yake. Mkubwa asiyekuwa na subira ya kumsikiliza mdogo wake naye ana sehemu yake. Ukweli unatoka baadaye, mwandishi anapoketi kuandika maelezo ya watuhumiwa, na harusi inafungwa upya.

Mchezo huu haudai jumba wala pazia. Katika nchi nyingi huchezwa na walimu, makarani na wanafunzi, bustanini au uwanjani. Vijana wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, wangeweza kuucheza katika ua wa shule saa tisa alasiri, na pengine wangeeleweka kuliko wenzao wa London. Mtaa huo ulihamwa kwa sababu ya mapigano katikati ya miaka ya 1990, na tena mwanzoni mwa mwaka 2001. Hapo habari ya wanajeshi kurudi miongoni mwa raia, na ya neno la usiku linalomharibia mtu jina asubuhi, haihitaji mfasiri. Kazi ngumu ingekuwa kumtafutia Dogberry makosa yake ya Kiswahili.

Globe iliungua tarehe 29 Juni 1613: mzinga uliofyatuliwa katika mchezo uliwasha nyasi za paa. Mtu mmoja suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa pombe. Shakespeare alifariki tarehe 23 Aprili 1616. Miaka saba baadaye wenzake walichapisha michezo yake 36 katika kitabu kimoja.

Jumba hilo lilijengwa upya karibu na mahali pake pa zamani, likafunguliwa mwaka 1997. Aprili 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza humo, chini ya anga wazi, Wanawake wa Heri wa Winsa, kichekesho kingine cha Shakespeare, kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.