KADHI TAWBA BIN NAMIR NA DAFTARI LA WAKFU ZA MISRI

Habari zetu safari hii ni za Kadhi Tawba bin Namir Al-Hadhrami, mtu wa asili ya Hadhramaut, nchi watokako jamaa wengi wa pwani yetu. Alipewa ukadhi wa Misri mwaka 115 wa Hijra (733), na aliyempa ni Walid bin Rifaa, liwali wa nchi ile katika ukhalifa wa Hisham bin Abdul-Malik. Makao yake yalikuwa Fustat.

Al-Kindi, mwandishi wa tarikhi ya makadhi wa Misri, asimulia kwamba Tawba alipopewa kazi hii alimwita mkewe, akamuuliza amekaa naye vipi. Bibi akamsifu na kumwombea kheri. Ndipo akamwekea sharti: siku atakapomtajia mdai au mdaiwa, au kumuuliza habari ya hukumu, basi ameachika. Bibi yule akawa aona kidau cha wino cha mumewe kimekauka, naye hathubutu kumwambia kitiwe wino, kwa kuchelea asije akaingia katika sharti lile. Huenda msomaji akacheka. Lakini aliye mlangoni mwa kadhi ndiye hupitiwa kwanza na wenye haja zao, na Tawba aliufunga mlango huo kabla hajabishiwa hodi.

Mali ya mayatima ilikwisha pata mwangalizi kabla yake. Mwaka 86 (705) Kadhi Abdur-Rahman bin Muawiya bin Hudayj aliamuru mkubwa wa kila kabila adhamini mali ya mayatima wa kabila lake, na jambo hilo likaandikwa. Ama wakfu, hapana aliyeziangalia. Zilikuwa mikononi mwa wenyewe na mawasii wao. Mtu huweka nyumba wakfu kwa kizazi chake, na wakiisha wao, iwe ya mafakiri. Mashahidi hufa mmoja mmoja. Mwana hujua kuwa nyumba ni wakfu, mjukuu asikia tu, na kitukuu huigawa katika mirathi kwa mafungu ya sharia, naye adhani amefanya halali. Nani kwetu asiyejua shamba la minazi lililowekwa kwa mafuta ya taa za msikiti, likaja kuitwa shamba la babu?

Mwaka 118 (736) Tawba aliweka mkono wake juu ya wakfu. Hoja yake ilikuwa kwamba mwisho wa sadaka hizi ni kwa mafakiri na maskini, basi yampasa azihifadhi zisipotee wala zisirithiwe. Tazama fahamu yake: fakiri atakayestahiki baada ya miaka mia hajazaliwa, hawezi kusimama barazani kudai haki yake, na asiye na msemaji, msemaji wake ni kadhi. Daftari likafunguliwa, na mwaka 120 (738) Tawba alipofariki, Mungu amrehemu, diwani ya wakfu ilikuwa kubwa.

Imamu wetu Shafii alizaliwa mwaka 150, miaka 30 baada ya mauti yake, na wanazuoni wa madhehebu wakaja kuyapanga mambo haya. Mwenye kuweka wakfu akimtaja msimamizi, hufuatwa neno lake, wala kadhi hamwondoi pasi na sababu. Asipomtaja mtu, usimamizi ni wa kadhi. Msimamizi akiwa mwovu, amana humtoka na kurudi kwa kadhi vile vile. Na yule anayewekwa na kadhi hutakiwa awe mwadilifu na mwenye uwezo wa kazi. Twawaona wacha Mungu wasiojua hata kuhesabu kodi ya mwezi, na hao hawafai, ingawa ni watu wema.

Kazi yake ni kuitengeneza mali isibomoke, kuikodisha, kukusanya pato na kuwagawia wanaostahiki. Kutengeneza hutangulia kugawa, kwani nyumba ikianguka pato pia limeanguka. Hana ruhusa ya kukopa juu ya wakfu ila kwa sharti la mwenye kuweka au idhini ya kadhi. Ujira hupata aliowekewa. Asipowekewa, apeleke jambo lake kwa kadhi, asijikatie mwenyewe katika pato. Hapa ndipo wengi huteleza, nao husema ni haki ya jasho lao.

Hata daftari halitoshi pasipo macho. Abu Tahir Abdul-Malik Al-Hazmi, aliyeshika ukadhi wa Misri mwaka 170 (786), alikuwa akizizungukia wakfu kwa miguu yake siku 3 katika kila mwezi, pamoja na baadhi ya watumishi wake. Akiamuru zitengenezwe na mchanga wake ufagiliwe. Alipoona kasoro katika nyumba, msimamizi wake alipigwa viboko 10.