Mary Stuart na barua za mu pipa la bia

Wandugu, juma hii tunawaletea maisha ya malkia mmoja aliyekufa juu ya barua za siri. Ni mambo ya zamani, lakini yanatugusa: sisi wa sendika pia tunatumiana majina ya wenzetu na siku za mikutano kwa telefone na kwa imeli.

Mary Stuart alizaliwa Scotland mwaka 1542. Baba yake, mfalme, alikufa siku chache kisha, na mtoto mchanga akarithi kiti. Mwaka 1548 walimpeleka Ufaransa, akakomalia kule, akaolewa na mwana wa mfalme. Bwana yake alitawala kidogo tu, akafa mwaka 1560. Mary, mjane wa miaka 17, akarudi kwao mwaka uliofuata. Wakubwa wa inchi wakamugeuka. Mwaka 1567 walimulazimisha kumwachia kiti mtoto wake. Mwaka 1568 akakimbilia Uingereza kwa ndugu yake, malkia Elizabeth. Huyo akamufungia zaidi ya miaka 18.

Mu kifungo Mary hakuacha kuandika. Kila herufi aliiwekea alama, na majina ya watu pia yalikuwa na alama zao. Mwenye karatasi ya alama ndiye mwenye ufunguo. Wengine wangeona michoro tu.

Mwaka 1586, pale Chartley, kijana Gilbert Gifford alimupatia njia: barua zingeingia na kutoka ndani ya pipa la bia. Mary akafurahi. Kumbe Gifford alikuwa mtu wa Walsingham, waziri wa Elizabeth. Kila barua ilipita kwanza kwa Thomas Phelippes, fundi wa kuvunja siri. Ukihesabu alama zipi zinarudi mara nyingi, pole pole unajua herufi zake. Kisha barua ilifungwa vizuri, ikaendelea na safari sawa hakuna kitu.

Mwezi wa saba, Anthony Babington alimwandikia Mary mpango wa kumutoa kifungoni na kumuua Elizabeth. Mary akajibu. Phelippes akasoma, tena akaongeza maneno yake chini, kwa alama zile zile, akiomba majina ya wale watu sita wa kufanya kazi ile.

Tusimame hapa, wandugu. Ufunguo wa siri mumoja, wa watu wawili, hauonyeshi nani ameandika. Adui akiushika, anasoma yako, na tena anaandika kwa jina lako.

Babington na wenzake waliuawa mwezi wa kenda. Kesi ya Mary ilisikilizwa Fotheringhay, akakatwa kichwa tarehe 8/2/1587, mwenye miaka 44.

Leo imeli ya siri inatumia funguo mbili. Moja ni ya kugawa: kila mutu anaweza kukufungia barua nayo. Ya pili ni yako peke yako, ya kufungulia na ya kutia sahihi. Hata delege, hata bibi ao bwana yako, usimupe. Ile ya kugawa, usiipokee tu ku mukono wa mutu wa katikati. Mukutane uso kwa uso, ao mupigiane telefone na kusikia sauti, musomeane tarakimu zake mupaka zilingane. Na barua ikikuomba majina ya wenzako, uliza kwanza kwa kinywa.

Mary alitazama pipa. Hakumutazama mwenye kulibeba.