Vernon Castle: Bingwa wa dansi aliyefia ndegeni

WACHEZAJI wanaoteleza ukumbini kwa mwendo wa foksitroti wana deni kwa Mwingereza aliyefariki dunia akiwa na miaka 30 tu, na deni kubwa zaidi kwa mwanamuziki mweusi ambaye jina lake hutajwa kwa nadra.

Vernon Castle alizaliwa Mei 2, 1887 mjini Norwich. Alisomea uhandisi, lakini mwaka 1906 alivuka bahari hadi New York, akaishia kuwa mchekeshaji jukwaani. Huko alikutana na Irene Foote, binti wa daktari, wakafunga ndoa mwaka 1911. Mwaka uliofuata walikuwa Paris, mifuko mitupu, hadi walipopata nafasi ya kucheza Café de Paris. Nyota yao ikang'ara.

Zama hizo dansi za Wamarekani weusi, nyingine zikiwa na majina ya wanyama kama dubu na bata mzinga, zilipigwa vita kwa madai kwamba zinachochea uasherati. Wanandoa hao walizipunguza ukali na kuzivisha adabu za sebuleni. Walipofungua shule yao, Castle House, mwaka 1913, matajiri wa New York walifurika.

Bendi yao iliongozwa na James Reese Europe, Mmarekani mweusi. Ndiye, kwa masimulizi ya mtunzi W. C. Handy, aliyewapigia taratibu wimbo wa The Memphis Blues na kuwafungulia njia ya foksitroti. Wapo wanaomtaja mwigizaji Harry Fox kuwa mwasisi, ila bila akina Castle dansi hiyo isingeenea upesi kiasi kile mwaka 1914. Mwaka huohuo walizunguka miji ya Marekani na bendi hiyo ya weusi, jambo lililohitaji ujasiri katika nchi iliyogawanyika kwa rangi.

Vita vilipopamba moto, Vernon alijiunga na kikosi cha anga cha Uingereza mwaka 1916, akapigana Ufaransa na kutunukiwa nishani, kisha akawa mkufunzi wa marubani Canada na Texas. Mwanafunzi wake mmoja alipofariki katika ajali akiwa kiti cha mbele, chenye hatari zaidi, Vernon aliamua kukikalia mwenyewe. Februari 15, 1918, karibu na Fort Worth, alipandisha ndege ghafla kuikwepa nyingine, ikaanguka. Mwanafunzi alinusurika.

Europe aliuawa kwa kisu mjini Boston mwaka 1919. Filamu ya maisha ya wanandoa hao, iliyochezwa na Fred Astaire na Ginger Rogers, ilitoka mwaka 1939. Humo mtumishi wao mweusi, Walter, aliigizwa na mzungu.