Thomas Midgley: Aliyetupa ubaridi wa gari akatuachia na deni

KILA dereva anayebonyeza kitufe cha kiyoyozi ndani ya gari lake anafaidi kazi ya Mmarekani mmoja aliyefariki dunia mwaka 1944. Jina lake ni Thomas Midgley. Enzi za uhai wake alivishwa medali kama mfadhili wa binadamu. Leo hii wapo wanaomhesabu miongoni mwa watu walioiharibu zaidi hewa ya dunia, ingawa hakukusudia.

Hapa Musinzira, mjini Gitega, Burundi, ambako mimi ni mkazi, jina hilo si maarufu. Hata hivyo, katika gereji zetu haipiti wiki bila dereva kulalamika kwamba gesi ya kiyoyozi chake imeisha na kwamba anataka kuongezewa. Ndiyo maana nimeona nisimulie maisha ya bwana huyu. Aliyoyapitia yanatufundisha jambo moja ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua: gesi haiishi, bali inakwenda mahali.

Mhandisi aliyeingia kwenye kemia

Midgley alizaliwa Mei 18, 1889, katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na akakulia Columbus, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mgunduzi aliyeshughulika na matairi ya magari, hivyo mtoto alikulia katikati ya mambo ya ufundi. Mwaka 1911 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Mwaka 1916 alijiunga na maabara ya Charles Kettering huko Dayton, Ohio. Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme, ile iliyowaondolea madereva adha ya kuzungusha injini kwa mkono. Baadaye utafiti huo uliingia chini ya kampuni ya General Motors.

Kazi kubwa ya kwanza aliyopewa kijana huyo ilikuwa kutafuta dawa ya injini kugonga. Magari ya wakati huo yakipanda mlima yaligonga kama mtu anayepiga nyundo, na nguvu ikapotea. Midgley alijaribu vitu vingi sana, kimoja baada ya kingine. Desemba 1921 alipata jibu: kimiminika chenye madini ya risasi, ambacho kiasi kidogo tu kikichanganywa na petroli kilinyamazisha injini.

Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Kwamba risasi ni sumu lilikuwa jambo linalojulikana tangu kale, na mwaka huo huo Midgley mwenyewe alilazimika kupumzika kazi kwa sababu sumu hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza kimiminika hicho. Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa nacho mikono na kuvuta mvuke wake, ili waone kwamba hakina madhara.

Dunia ilikubali. Ilichukua miongo mingi kuiondoa petroli hiyo. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha kuiuza kwa magari Julai 2021.

Gesi zilizoua watu usingizini

Mwaka 1928 Kettering alimpa Midgley kazi nyingine. Majokofu ya miaka hiyo yalitumia gesi za hatari, kama vile amonia, salfa dioksaidi na methili kloraidi. Bomba likipasuka usiku, familia nzima ingeweza kufa usingizini. Ilihitajika gesi inayochemka kwenye baridi kali, lakini isiyowaka moto wala kumdhuru anayeivuta.

Akiwa na wenzake Albert Henne na Robert McNary, Midgley alipata jibu kwa muda mfupi. Waliunganisha kaboni, klorini na florini, wakapata gesi ambayo mafundi wa leo wanaijua kama R-12. Inachemka katika nyuzi joto 30 hivi chini ya sifuri, haina rangi, na karibu haina harufu.

Mwaka 1930, katika mkutano wa wanakemia mjini Atlanta, Midgley alivuta gesi hiyo hadi ikajaa kifuani, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ulizimika, naye akabaki mzima. Kwa pumzi moja alithibitisha kwamba haiwaki na haiui. General Motors na DuPont wakaanzisha kampuni ya kuitengeneza, ikauzwa kwa jina la Freon.

Ni haki tumpe sifa yake hapa. Maisha mengi yaliokolewa, chakula na dawa vikahifadhika, na ubaridi ukaingia majumbani bila hofu.

Ubaridi waingia garini

Gesi isiyoua ndiyo iliyowezesha kiyoyozi kuwekwa ndani ya gari, mahali ambapo abiria wamefungiwa pamoja na mabomba. Kampuni ya Packard ya Marekani ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1939. Mtambo wake ulijaza sehemu ya buti, na aliyetaka kuuzima kabisa ilimbidi asimame, afungue boneti na kuuvua mkanda wa kompresa. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliunganisha hita, feni na kiyoyozi katika mfumo mmoja uliokaa sehemu ya mbele ya gari. Magari tunayoendesha leo yanafuata mpango huo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hadi ikawa ya moto. Gesi hiyo huingia kwenye kondensa, ule wavu uliokaa mbele ya rejeta, ambako hupoa na kugeuka maji. Maji hayo hupenyezwa kwenye tundu dogo na kuingia evapureta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Huko huchemka ghafla na kunyonya joto la hewa ya ndani, kisha gesi inarudi kwa kompresa kuanza upya.

Zingatia kwamba safari hiyo ni mduara uliofungwa. Gesi haiunguzwi kama petroli na hailiki kama breki. Ikipungua ndani, ujue imetoka nje.

Hita nayo ina njia yake. Maji ya moto ya injini hupitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Hiyo haihitaji gesi yoyote.

Mwisho wa kusikitisha

Mwaka 1940 Midgley alipatwa na polio, akapooza miguu akiwa na umri wa miaka 51. Hakuacha ubunifu. Alijitengenezea mtambo wa kamba na roda wa kumsaidia kuinuka kitandani. Mwaka 1941 alitunukiwa medali ya Priestley, heshima kubwa ya wanakemia wa Marekani, na mwaka 1944 alikuwa rais wa chama chao.

Novemba 2, 1944, alikutwa amekufa nyumbani kwake Worthington, Ohio, kamba za mtambo wake zikiwa zimemnyonga. Alikuwa na miaka 55. Aliacha hataza zaidi ya 100 na jina safi kabisa.

Deni lilidai baada ya miaka 30. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland, wa Chuo Kikuu cha California, walieleza kwamba uimara uliofanya gesi hizo zionekane salama ndio ulioleta balaa. Kwa kuwa haziharibiki huku chini, hupanda polepole hadi juu sana angani. Huko mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini, nayo huitafuna ozoni, tabaka linalotukinga na mionzi inayoleta saratani ya ngozi na upofu. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua mno.

Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipata Tuzo ya Nobel. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza katika tathmini yao ya mwaka 2022 kwamba ozoni inapona, na katika sehemu kubwa ya dunia itarudi hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi.

Magari yakahamia R-134a, isiyo na klorini. Hiyo haigusi ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu kabisa, yakakubaliana kupunguza na gesi za aina hiyo. Magari mapya mengi sasa huja na R-1234yf.

Tunajifunza nini Musinzira?

Wapo watakaosema Gitega ni mji wa baridi, kiyoyozi cha nini? Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na anayekwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi hapati joto la kumsumbua. Lakini tangu Gitega iwe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, safari za kwenda Bujumbura ni za kila siku. Mtu anapita kwenye ukungu wa Bugarama, kisha anateremka hadi joto la ziwa Tanganyika. Katika safari moja anahitaji hita na kiyoyozi, vyote viwili.

Pale Bugarama kioo cha mbele kikijaa ukungu kwa ndani, madereva wengi hufuta kwa kitambaa huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Hiyo ni hatari. Washa kiyoyozi na hita kwa pamoja, elekeza upepo kwenye kioo, na ufungue njia ya hewa ya nje. Kiyoyozi hukausha hewa na hita huipasha, kioo kikasafika upesi.

Hata kama husikii joto, washa kiyoyozi dakika kama 10 kila wiki. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Mfumo ukikaa miezi bila kazi, mipira ya viungio hukauka na gesi hupata pa kutokea. Safisha tope na wadudu kwenye kondensa kwa maji yasiyo na nguvu kubwa. Badilisha chujio la hewa ya ndani likichafuka. Maji yanayodondoka chini ya gari kiyoyozi kikiwaka yasikutishe, ni unyevu wa hewa tu.

Hita ikipuliza baridi wakati injini imepata moto, angalia kwanza kiasi cha maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa, kisha thamostati. Ukisikia harufu tamutamu na zulia la abiria limelowa, rejeta ndogo inavuja.

Sasa turudi kwenye gesi. Jirani yangu mmoja, dereva wa teksi, alijaziwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara ubaridi ulidumu wiki chache. Kila mara alilipa, na kila mara gesi yote ikaenda zake angani. Tundu lilikuwa kwenye kiungio kimoja, ambako mafuta yalikuwa yameacha doa linaloonekana kwa macho. Kipande cha mpira ndicho kilichohitajika.

Kwa hiyo fundi akitaka kukuongezea gesi, mwombe kwanza atafute inapovujia. Baada ya kuziba, mfumo unyonywe hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo ijazwe gesi ya aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yanatumia R-134a. Yale ya zamani ya R-12 yana mafuta ya aina nyingine, wala gesi hizo mbili hazichanganywi. Usikubali kabisa kujaziwa gesi ya kupikia. Ni rahisi, inapoza, na ikivuja ndani ya gari cheche moja inatosha kuwateketeza wote mliomo. Hapo tutakuwa tumerudi kwenye hatari ile ile Midgley aliyoitwa kuiondoa.

Na gesi ya zamani isifunguliwe ikapiga mluzi hewani, kama nilivyoona ikifanywa mara nyingi. Ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi. Mashine hizo bado ni chache kwetu, lakini gereji mbili tatu zikichangia kununua moja, kazi itafanyika.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Midgley alipimia usalama wa gesi yake kwenye pumzi yake mwenyewe, na mwaka 1930 hakuwa na chombo cha kumwonyesha kinachotokea juu angani. Sisi tunakijua kilichotokea. Dereva anayelipia gesi juu ya tundu lililo wazi anapoteza fedha zake leo, na wajukuu zake watalipa kilichobaki.