Garner, Mutu Aliyetaka Kujua Luga ya Nyani

Jina la Darwin tunalijua wote katika somo la biolojia. Jina la Richard Lynch Garner halisikiki tena, na kumbe mbele ya mwaka 1900 magazeti ya Marekani na Uingereza yalimuandika sana.

Alizaliwa mwaka 1848 katika muji wa Abingdon, jimbo la Virginia. Angali kijana alipigana vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, upande wa Kusini, ule uliotaka kushika utumwa. Kiisha akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1884 alitembelea bustani ya nyama ya Cincinnati, akaona nyani wadogo waliokaa jirani na nyani mukubwa mukali. Alivyosikia yeye, wale wadogo walikuwa wanaambiana kila anachofanya yule mukubwa. Tangu siku ile hakutulia. Kama luga ya watu imetoka pole pole katika sauti za nyama, jinsi Darwin alivyofikiri, basi mizizi yake lazima isikike kwa nyani. (Jambo hili linaleta ubishi hata bwenini kwetu, lakini tuendelee.)

Mwaka 1890, huko Washington, akapata wazo moja ambalo sisi tunaliona kubwa kupita vitabu vyake vyote. Alitenga nyani wawili, akashika sauti ya mmoja kwa fonografu, ile mashini ya Edison, kiisha akamusikilizisha mwenzake. Huyo akatafuta mpaka ndani ya pembe ya mashini. Zamani watu walisimulia tu juu ya nyama. Sasa mutu aliweza kuuliza nyama swali na kuona jibu.

Mwaka 1892 alikuja Gabon, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Kongo ya Wafransa. Karibu na ziwa la Fernan Vaz alisimamisha kizimba cha chuma katika musitu, akaingia ndani yeye mwenyewe, nyama wakabaki nje! Aliandika kwamba alikaa mule siku 112. Alijaribu kumufundisha sokomutu mdogo, Moses, maneno machache, lakini Moses hakufika mbali, akafa.

Aliporudi, gazeti moja la London likasema ni mutu wa bongo, kwamba alikaa raha kwa mapadri wa misheni. Fonografu hakuwa nayo kule musituni, basi ushuhuda wa kuwaonyesha wataalamu ulikosekana.

Sisi tuna neno lingine juu yake. Garner aliwapanga watu kwa ngazi, wazungu juu na Waafrika chini, akidhani luga za watu aliowaita wa chini ziko karibu na sauti za nyani. Mwenye kujua kugeuza kitenzi cha Kibantu anaweza kucheka, lakini wakati ule mawazo hayo yalisomwa kama sayansi.

Alirudi Gabon mara kadhaa, akafa mwaka 1920 huko Chattanooga, jimbo la Tennessee. Kwa upande wa nyani, njia yake ya kusikilizisha ililala miaka mingi. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitangaza kazi yao ya Amboseli, inchi ya Kenya. Walificha kipaza sauti na kuwasikilizisha tumbili milio ya wenzao. Kwa mlio wa kuonya juu ya chui, tumbili walikimbilia miti. Kwa ule wa tai, walitazama juu ao kuingia vichakani. Kwa ule wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani. Na pale hapakuwa chui, wala tai, wala nyoka.